Kamera Ndogo ya Upande wa Wanawake

Mume wangu alikuwa na kamera mbili. Ile kubwa ya kubeba begani ilikuwa yake, kwa sababu wateja wa Garissa wa miaka ile ya tisini hawakuiamini kamera isiyomwumiza mtu bega. Ile ndogo ilikuwa yangu. Harusi zilikuwa na pande mbili, wanaume kwao na wanawake kwao, na kanda ya wanawake haikutazamwa na mwanamume yeyote, hata fundi. Ndiyo maana nilipata kazi. Kipaji hakikuulizwa.

Harusi ninayoikumbuka ni ya msichana aliyelelewa mjini na mama yake mdogo. Mama mzazi alikuwa kambini Dadaab, hana kibali cha kutoka. Hakuwa amemwona bintiye kwa miaka minne. Alituma ujumbe mmoja tu: nileteeni kanda, nimwone mwanangu.

Mume wangu alijiandaa kwa bidii. Alijua kwamba vyumba vya wanawake hujaa moshi wa uunsi, ule ubani wa kufukiza nguo na nywele, na kwamba moshi huichanganya kamera inayojitafutia umbali yenyewe. Basi akaizima sehemu hiyo. Akanisimamisha dukani hatua moja mbele yake, akazungusha lenzi mpaka pua yangu ikaonekana vizuri, kisha akabandika selotepu juu ya swichi.

"Usiguse," akasema. "Mimi nimefikiria kila kitu."

Bibi harusi hakukaa hatua moja kutoka kwangu. Alikaa mwisho wa chumba, juu ya mito, na kati yetu kulikuwa na wanawake kama sitini wakiimba buraanbur, mashairi ya wanawake wa Kisomali, na kupiga makofi. Ndani ya kioo kidogo cha kamera kila kitu kilikuwa na ukungu. Nikadhani ni uunsi. Nilirekodi saa mbili nzima bila kugusa kitu.

Kesho yake mume wangu akaikagua kazi. Kwa kuwa hakuruhusiwa kutazama, aligeuza kiti akaelekea ukutani, akaisikiliza kanda yote, mikono ameikunja kifuani.

"Iko sawa," akasema. "Kila mtu anasikika."

Mimi ningeweza kutazama. Nilikuwa na macho mawili mazima, na televisheni ilikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Lakini fundi alikuwa yeye, imeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu, basi nikaenda kupika. Hilo sijajisamehe mpaka leo.

Kanda niliipeleka mwenyewe. Pale kambini mwenye kibanda cha video alituwashia jenereta, akatoka nje. Wanawake wakajaa. Mama mtu akawekwa mbele kabisa, amevaa shaash mpya kichwani.

Picha ikaja. Hakukuwa na watu, kulikuwa na madoa ya rangi yanayocheza ngoma. Nilimkasirikia mume wangu kiasi kwamba nilitamani awepo pale, nimgeuze kiti kwa mikono yangu. Mama mtu aliinama mbele tu, akakaza macho.

"Abaayo," akaniita, yaani dada, kwa Kiswahili chake cha Kismayu, maana mimi ni mtu wa mtoni na Kisomali changu ni cha kununulia nyanya. "Msichana yangu iko wabi?"

Nikaenda kwenye televisheni, nikaweka kidole juu ya doa moja jekundu. "Huyu."

"Imekuwa mnene?"

"Kidogo."

Doa likasogea, nikalifuata kwa kidole. Mama akaja akaketi chini, karibu na kioo, akaweka kidole chake pembeni ya changu. Tukaenda na bibi harusi hivyo, akisimama, akizungushwa, akiketishwa tena.

"Inacheka?" akauliza.

Uso haukuwepo. Lakini mimi nilikuwa ndani ya chumba kile. Msichana alilia tangu walipoanza kumvalisha, akimwita mama yake, mpaka wanja ukamfika kidevuni, na nyimbo zikamfunika sauti.

"Anacheka," nikasema.