Mguu wa Kushoto Haukuwaka

Leo dawa ya kuchua imenitisha kuliko lori lolote la miwa lililowahi kunipita nikiwa kwenye baiskeli.

Mnajua ugomvi wangu kwenye ukurasa huu: vijana wa baiskeli wamejaa vifaa, lakini sisi wa zamani tulichua miguu kwa dawa kali, tukatoka Kitale hadi Bungoma tukinuka kama zahanati.

Basi asubuhi hapa Kanduyi, mimi na Wekesa, mwenzangu wa mashindano ya enzi zile, tukajipaka tuwaonyeshe.

Mguu wa kulia ukawaka. Safi kabisa!

Wa kushoto, kimya.

"Ongeza, bana! Ama ngozi imekuwa ya kiboko?" Wekesa akanicheka.

Nikaongeza. Nikasugua mpaka kiganja kikawaka moto.

Mguu, hakuna kitu.

Wekesa akaacha utani. Anajua baba yangu alikatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, na ilianza na mwiba ambao hakuusikia.

Sasa niko kwenye foleni ya kliniki. Naogopa, jameni.

Kama mnayo dawa hiyo nyumbani, jipakeni miguu yote miwili, mniambie inawaka.

Mimi bado nausugua huu wangu, nikiuomba uniunguze.