Tausi Aliyelijua Jina Letu

Juzi nilimpeleka binti yangu kwenye bustani moja huku magharibi ya London, ile yenye tausi wanaojitembelea kana kwamba wao ndio wenye nyumba na sisi wapangaji. Tumekaa kwenye benchi tunakula chipsi, mara ndege mmoja akalia nyuma ya vichaka. Nakuapia, chipsi zote zilinitoka mkononi. Si kwa ukubwa wa sauti, ingawa tausi mmoja hushinda honi za mabasi saba. Ni kwa sababu ndege yule analijua jina langu.

Usicheke. Ngoja nikuhadithie.

Mimi nimekulia Walthamstow, hapa hapa London, juu ya duka la vitambaa, kwenye ule mtaa wa soko ambao ukianza kuutembea ukiwa mtoto, unafika mwisho umeshaota mvi. Shuleni nilikuwa na jina la kwenye pasi ya kusafiria. Nyumbani nilikuwa Maua, jina la bibi yangu mzaa mama, na kwa kuwa tulichangia jina hakuniita mjukuu, aliniita somo. Lakini akinihitaji, akiita "Maua!" kutoka jikoni, katikati ya harufu ya iliki na nazi ya kopo, ole wako ujibu "nini?" Jibu ni "Abee!" na miguu iwe tayari njiani.

Lakini palikuwa na sharti. Ukisikia unaitwa na humwoni anayeita, nyamaza kimya. "Hujui ni nani huyo," bibi alikuwa akiniambia, "wala hujui anakutakia nini." Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili tu, kwa hivyo sharti lile halikunipa taabu. Taabu nilikutana nayo Bara Hindi.

Bibi alikuwa na shoga yake, Mhindi wa Tooting, kusini mwa London, ambaye walikulia pamoja Unguja, nyumba ya pili tu. Yule mama alikuwa na Kiswahili cha kunitoa jasho mimi. Mpwa wake akawa anaolewa Jaipur, na yule mama akaapa hatakwenda harusini bila bibi, na bibi akaapa haendi bila somo yake. Likizo ya Pasaka hiyo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, tukapanda ndege. Bibi alibeba chupa ya achari ya embe kubwa kama mtungi wa gesi.

"Ebo! Shoga," yule mama akamwambia uwanjani, "wewe unapeleka achari Bara Hindi?"

"Wataonja ya watu," bibi akajibu, hata hakugeuka.

Nikwambie nini kuhusu Jaipur? Mji mzima una rangi ya pera lililopasuliwa. Mitandio ilianikwa juu ya mapaa, mirefu hata ungeweza kuifunga Walthamstow nzima kama zawadi. Ngamia walikuwa wanavuta mikokoteni na kunitazama kwa dharau, tembo amepakwa maua usoni anangoja zamu yake kwenye makutano ya barabara, na watu walituambia kwamba chui hushuka milimani kuja kula mbwa. Na kima! Mapaa yote ni ya kima. Siku ya pili dume mmoja mwenye uso mweusi alishuka ukutani, akaikumbatia ile chupa ya bibi, akapanda nayo juu. Bibi akamfokea kwa Kiswahili: "We mwana haramu, rudisha!" Shoga yake akacheka mpaka akakaa chini. "Semea hapo hapo, shoga, labda na yeye ni wa kwetu Unguja, wa Mkunazini!" Kima akafungua, akatia mkono, akala. Ile pilipili ya bibi ungeweza kuchomea chuma. Nadhani yule kima mpaka leo anatafuta maji.

Kwa joto lile tulilala darini, kwenye paa wazi, juu ya vitanda vya kamba. Alfajiri moja, mbingu imeanza tu kupauka, nikasikia naitwa.

"Ma-uaaa!"

Sauti ilitoka upande wa milima, imevutwa, ina kilio ndani yake, kama ya mtu aliyenitafuta siku nyingi. Nikafikiri bibi yuko chini. Nikakaa kitako na kuitika kwa nguvu zangu zote, "Abee!"

Mkono ukaniziba mdomo. Bibi alikuwa pale pale kando yangu, juu ya mswala wake. Alinivuta nyuma yake, akasimama, akaelekea ule upande wa milima, akasema kwa sauti ambayo sijaisikia kwake kabla wala baada: "Abee. Maua ni mimi. Huyu ni mtoto tu."

Ndege akanyamaza. Kulipokucha tukamwona juu ya ukuta, tausi mwitu, mkia unashuka kama zulia. Shoga yake bibi akasema, "Tausi tu, jamani, hapa ndio majogoo yao." Bibi akacheka naye. Lakini siku zilizobaki, nakuapia, tausi yule hakulia tena.

Tukarudi London. Majira ya baridi yalipoingia kifua cha bibi kikaharibika. Jioni moja amekaa dirishani, wauzaji chini wanakunja meza zao, akainua uso na kuitika, taratibu, "Abee." Mama akamwuliza, "Nani kakuita, mama?" Bibi alinitazama mimi, akatabasamu. Hakumaliza wiki.

Daktari alitaja ugonjwa wenye jina refu kama gari moshi, nami sina sababu ya kumkatalia. Tangu hapo mama alishindwa kulitamka lile jina. Akawa ananiita mwanangu, mpaka na yeye akatuacha. Miaka ilipita, nikaingia shule ya usiku, nina mimba, nasinzia juu ya vitabu, na mwalimu wa sayansi akatueleza kwamba tausi dume hulia vile kumwita jike. Nikanyoosha mkono: "Kwa jina?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka kuwashinda. Mtoto alipozaliwa ni msichana, watu wote walijua ataitwa Maua. Nikampa jina jingine. Nilisema Waingereza wangelipindapinda.

Sasa rudi nami kwenye benchi. Chipsi ziko chini, na ndege akaita tena, "Ma-uaaa!" Binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, akaruka, akavielekea vichaka na kuitika kwa furaha, "Yes?"

Mkono wangu ulikuwa mdomoni pake kabla sijafikiria. Nikaukumbuka mkono wa bibi. Nikamvuta nyuma yangu, mbele ya watu na mbwa zao, nikasema: "Abee. Maua ni mimi."

Ndege akanyamaza.

Binti yangu akautoa mkono wangu, akaniuliza, kwa Kiingereza chake, Maua ni nani.

London nzima hii, wa pekee aliyebaki kuniita kwa jina lile alikuwa yule ndege. Tulikaa pale mpaka jua likaondoka kwenye nyasi, nikimngoja aite tena, na nikiomba asiite.