Wino Kwenye Ukingo wa Ini

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo ya maji ya sabuni, kitambaa cha pamba na trei ya vioo vyembamba vya hadubini. Ilikuwa maabara ndogo katikati ya jiji la Nairobi, ghorofa ya pili, juu ya duka la saa. Fundi Mkuu, mzee wa Kikamba ambaye koti lake jeupe halikuwahi kukosa pasi, alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne, mzee."

"Kuosha vyombo unajua?"

"Najua."

"Hujui. Wa kidato cha nne huosha upande anaouona. Osha, kisha uniletee nikuonyeshe uchafu wako."

Alinionyesha uchafu wangu kwa miezi mitatu. Mwezi wa nne alinihamishia kwenye nta, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Niieleze kazi yenyewe, kwa kuwa vijana wengi hudhani maabara ya hospitali ni damu na mkojo tu. Yetu ilikuwa ya nyama. Kipande chochote ambacho daktari wa upasuaji hukitoa mwilini huletwa kwetu ili ijulikane kina ugonjwa gani. Kwanza hulowekwa kwenye formalini, dawa kali inayozuia nyama kuoza na kuifanya iwe ngumu. Kisha hutolewa maji kwa spiriti, hujazwa nta ya moto, na nta ikipoa huwa kitofali kidogo. Kitofali hukatwa kwa mikrotomu, mashine inayotoa utepe mwembamba kiasi kwamba ukipumua vibaya unapeperuka. Utepe hutandazwa juu ya kioo na kupakwa rangi mbili: zambarau kwa viini vya seli, waridi kwa sehemu nyingine. Mwisho daktari wa patholojia, yaani bingwa wa kusoma ugonjwa ndani ya nyama, hukitazama kioo kwa hadubini na kuandika jibu.

Cheti sikuwa nacho. Nilinunua vitabu vikuukuu vya udaktari kwa wauzaji wa kando ya barabara, nikavisoma ukurasa kwa ukurasa nikiwa na kamusi ubavuni. Maswali niliyaandika kwenye daftari. Fundi Mkuu alijibu aliyoyajua, na asiyoyajua alisema hayajui. Nilikaa naye miaka minane. Alipostaafu aliniandikia barua ya kurasa mbili, nami nikaipeleka Upper Hill, mtaa wa hospitali.

Hospitali iliyoniajiri huko sitaitaja. Mkuu wangu mpya alikuwa Daktari Mkuu wa Patholojia, mama wa Kihindi aliyezaliwa na kukulia Nairobi. Aliisoma barua akiwa amesimama.

"Hii mzee yako anasema unakata kuliko watu wako na digrii."

"Ndiyo, daktari."

"Na unakubali tu hivyo! Wewe unaringa. Haya, kata hii nione."

Nikakata. Aliangalia, akasema "Sawa," na nikafanya kazi chini yake miaka kumi na tisa.

Miaka ya katikati ndiyo ya utafiti wa ini. Profesa wa Upasuaji alitaka kujua ni wagonjwa gani wa saratani ya ini wanaofaa kukatwa sehemu yenye uvimbe, na ni wepi ambao kukatwa hakutawafaa bali wapandikizwe ini jingine, jambo ambalo kwa wengi lilimaanisha safari ya ng'ambo na ndugu wa kwenda naye. Mimi nilihusika na yote mawili. Ndugu akijitolea kutoa sehemu ya ini lake, daktari humchoma sindano na kutoa kijinyama kidogo kama punje ya mchele, nami hukitayarisha ili ionekane ini hilo lina mafuta kiasi gani. Likiwa na mafuta mengi hakubaliwi. Nimeona watu wazima wakilia kwa kuambiwa ini lao halifai kutolewa.

Kwa waliokatwa uvimbe, kanuni yetu ilikuwa fupi: wino kwanza, kisu baadaye. Ini limefunikwa na utando unaong'aa. Pale alipopitisha kisu daktari hapana utando, pana uso mkavu unaokwaruza. Uso huo, ndio tuliouita ukingo, tuliupaka wino mweusi wa wachoraji, tukaugusa kwa siki ili wino ushike, ndipo tukakata vipande. Kwenye hadubini wino huonekana kama mstari mweusi. Seli za saratani zikigusa mstari, maana yake sehemu ya ugonjwa imebaki tumboni mwa mgonjwa. Pakiwa na nafasi kati ya seli hizo na mstari, ugonjwa umetoka wote.

Asubuhi moja lililetwa pande la ini la mama mmoja. Utafiti ulihitaji pia kipande kibichi cha uvimbe kihifadhiwe kwenye jokofu la baridi kali, na kipande hicho hukatwa baada ya wino. Mimi nilikuwa nimeshikwa kwenye mikrotomu. Nilipofika mezani nilimkuta Daktari Msaidizi wa Profesa, aliyekuwa bado akisomea ubingwa, anavua glavu.

"Boss, niaje. Nimeshatoa ile ya friji."

"Kabla ya wino, daktari?"

"Ni ka-piece kadogo tu. Lakini usiniweke kwa hiyo kitabu, tafadhali. Prof ataniua."

Akakimbilia chumba cha upasuaji. Pande lilikuwa sasa na nyuso mbili zisizo na utando, na kwa damu iliyozitapakaa sikuweza kuapa kwa macho ni upi wa Profesa na ni upi wa msaidizi wake. Nilipaswa kumrudisha aonyeshe. Badala yake nilifikiri kama mtu mwangalifu: nikipaka zote mbili, hakuna kitakachonipita. Nikapaka zote mbili. Kwenye daftari la mapokezi, ambamo kila mkato huandikwa pamoja na saa yake, sikuandika chochote kuhusu hilo. Nilimhurumia daktari. Pia mwezi huo faili langu lilikuwa mezani kwa Daktari Mkuu, nithibitishwe kuwa Fundi wa Utafiti bila cheti, na sikutaka kelele kwenye meza yangu.

Jibu lilitoka Jumatano. Sikuliona, kwa sababu majibu hayakupitia kwangu. Jumatatu mume wa yule mama alikuja dirishani petu na kikaratasi chenye namba ya mgonjwa. Alikuwa mtu wa Mombasa mwenye duka la vitambaa mjini, kofia safi, sauti ya chini.

"Bwana, nimekuja kuomba nakala ya jibu. Ijumaa wampasua tena."

"Tena?"

"Wasema ugonjwa umegusa ukingo. Na ini lililobaki ni dogo, tena lina makovu. Daktari hakunificha, amesema huenda asiamke." Alikunja kikaratasi. "Ndugu yake alijitolea, mkasema ini lake limejaa mafuta. Basi ndiyo njia iliyobaki."

Nilimpa nakala. Jioni hiyo niliitoa trei ya yule mama kabatini na kuviweka vioo vyake chini ya hadubini ya mafunzo.

Profesa hukata ini kwa kisu cha umeme, ambacho huunguza nyama inapopita ili damu isitoke. Kwenye kioo, ukingo ulioungua huonekana: seli hunyooka, hushikana, hupoteza rangi. Daktari Msaidizi alikata kwa wembe baridi. Pale saratani ilipogusa mstari wangu mweusi, ukingo ulikuwa safi, haujaungua hata kidogo. Kwenye kioo kingine wino ulikuwa juu ya nyama iliyoungua, na hapo, kwenye ukingo wa kweli wa Profesa, saratani ilikuwa mbali.

Nilijua Jumatatu. Nilisema Alhamisi. Siku hizo niliziita za kuhakikisha, na ni kweli nilitazama vioo mara nyingi, lakini mara ya kwanza ilitosha.

Nilimkuta Daktari Mkuu akinywa chai.

"Daktari, lile ini la kesho. Ukingo uliosomwa si wa Profesa. Wino ni wangu."

"Wako aje?"

Nikamweleza yote, pamoja na ombi la Daktari Msaidizi. Kikombe alikiweka chini polepole.

"Na hukuandika."

"Sikuandika."

"Wewe! Wewe unafukuza watu hapa na hiyo daftari, eti hujaandika saa, hujaandika saa. Leo ni wewe?"

Tukakaa kwenye hadubini ya kutazamia watu wawili, yeye huku, mimi kule.

"Hii haijaungua," alisema.

"Haijaungua, daktari."

"Na hii?"

"Hiyo imeungua kama chapati iliyosahauliwa."

Hakucheka. "Kata vitofali vyote upya. Ingia ndani zaidi. Sasa hivi."

Nilikata mpaka saa nane mchana. Vioo vipya vilisema vilevile. Daktari Msaidizi aliitwa, akaonyesha kwa kidole alipopitisha wembe, kisha akanitazama kama mtu aliyeuzwa. Profesa alisoma jibu jipya akiwa bado na kofia ya upasuaji kichwani. Alifuta jina la yule mama kwenye orodha ya Ijumaa, akanigeukia.

"Unajua ningemfungua mtu bure?"

"Najua, Profesa."

"Hapana. Ungekuwa unajua, ungekuja Jumatatu."

Mgonjwa aliondolewa kwenye utafiti kwa kuwa sampuli yake ilikuwa imechezewa. Faili langu lilirudi bila sahihi, na ikapita miaka miwili kabla halijapelekwa tena. Daktari Msaidizi alirudia miezi yake ya mafunzo. Hatimaye nilithibitishwa. Daktari Mkuu alinipa kalamu tu nitie sahihi.

Nilistaafu mwaka jana, nikiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Formalini imenimaliza pua. Nikipita kwenye majiko ya Muthangari ninakoishi, sijui nani anapika nini. Mafundi wapya hunipigia simu kuuliza habari za rangi na nta, nami huwajibu. Wana mashine zinazofanya kwa saa moja tulichofanya kwa siku mbili. Hawaniulizi kuhusu daftari, kwa hiyo nawaambia bila kuulizwa: andika saa ileile, andika hata la kukuaibisha, na usiamini huruma inayokufaa wewe pia.

Mwezi uliopita nilikwenda mjini kutafuta kitambaa cha pazia. Mwenye duka alinitazama kwa muda.

"Wewe si yule bwana wa dirishani?"

Nilimtambua kwa sauti. Nikamuuliza habari za mkewe.

"Alifariki. Ugonjwa ulirudi upande mwingine. Lakini tulipata miaka minne, alhamdulillahi. Alimwoza binti yetu wa mwisho. Mashine yenu iligundua kosa, nasi tukaokoka."

"Haikuwa mashine," nikasema. Nikamwambia ilikuwa nini.

Alisikiliza mkono wake ukiwa juu ya jora la kitambaa.

"Kwa hiyo zile siku nane zilikuwa zako."

"Tano kwa kutojua. Tatu kwa woga."

"Wajua alifanya nini siku zile? Aligawa vyombo vyake vyote kwa wake za watoto wetu. Masufuria, birika, sinia alilopewa na mamake. Alipoambiwa hapasuliwi, akaona haya kuvidai. Miaka minne, bwana, mke wangu alipika kwa sufuria za kuazima kwa jirani!"

Nilisema pole.

"Nilikuwa namlaumu yeye kwa haraka yake," alisema. "Sasa nimempata wa kumlaumu." Akavuta kigoda kwa mguu, akakisukuma upande wangu. "Keti. Chai yaja."