Nilivyompoteza Ami Nassor kwa Adabu

Mtanicheka, najua, na walionicheka kabla yenu ni wengi (mpaka muuza chai wa hapa Hamriya anaijua habari hii), lakini bora muisikie kwangu mwenyewe kuliko kwa jamaa wanaoitia chumvi.

Nilikuwa nimepeleka posa ya Zuwena na jibu halijaja, na babake, Ami Nassor, akawa anakwenda Kairo kutazamwa macho, basi mimi nikajipendekeza, nikasema nitafuatana naye, ili mzee ajionee mwenyewe kuwa mimi ni mtu wa kutegemewa. Tulipotoka kwa daktari, katikati ya mji mkongwe, foleni ya magari haisogei, nikasema, "Ami, twende na treni ya chini ya ardhi, nnaijua." Uongo mtupu! Mimi mtu wa Al Khuwair, kwetu Omani, hata mkate naufuata kwa gari, treni ningeijulia wapi?

Tukateremka ngazi zisizokwisha, huko chini njia zinakatana, mishale inaelekeza kila upande, watu mbio, mimi nazungusha kichwa na huku natabasamu. Simu ya mzee na karatasi za daktari nilizichukua mimi, eti asibebe kitu. Treni ikaja, mlango ukafunguka, na hapo ndipo adabu zetu zilipotuponza.

"Tafadhal, Ami, pita."

"Hasha! Wewe uko kulia, pita wewe."

"Wallahi siwezi kukutangulia."

"Wa kulia ndiye wa mwanzo, mwanangu. Ndivyo tulivyolelewa."

(Mnajua wenyewe, kwetu watu huapiana mlangoni mpaka chai ikapoa.) Watu wa nyuma wakaanza kupiga kelele, mama mmoja mwenye kikapu akamsukuma Ami kwa bega mpaka ndani, mlango ukajifunga, nami nikabaki nimenyoosha mkono kwa heshima zote mbele ya kioo, mzee ananitazama, na treni hiyoo!

Nikapanda iliyofuata, nikashuka kituo cha mbele, hayupo. Labda karudi? Nikarudi, hayupo. Nikenda tena, na safari hii sijui nilipanda ya upande gani, maana niliposhuka hata rangi ya kuta si ile, nimempoteza mzee wa watu asiyeona vizuri, posa tena iko wapi? Mara simu yake ikalia mfukoni mwangu. Zuwena.

"Baba yuko wapi?"

"Yuko... msikitini, anasali."

Akasema pole pole, "Baba kaazima simu ya stesheni, sasa hivi anazungumza na mama. Karudi palepale mlipoachana. Anasema wewe umepotea."

Nikauliza watu watatu njia, nikarudi, na mguu wangu uliposhuka tu kwenye treni, kipaza sauti kikatangaza kwamba kijana wa Kiomani aliyepotea, mwenye kanzu nyeupe na kofia, aende ofisini, mzee wake anamsubiri. Stesheni nzima ikanigeukia. Nna miaka thalathini na mbili na ndevu zangu!

Ami nikamkuta kakaa kwenye kiti, anakunywa chai na wenye stesheni. Hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu, "Msikiti gani huo?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ila ndimo nilimokuwa.

Posa ikakaa miezi mitano, na kila siku nikijua kosa si treni, kosa ni ule msikiti wangu.

Uongo nimeutubia, na treni sipandi tena, lakini tafadhal hizi zimo kwenye damu. Siku ya nikaha yangu na Zuwena (ndiyo, walinikubali), mlangoni mwa msikiti watu wamejaa, mimi kwa mazoea nikarudi nyuma, "Tafadhal, Ami." Hakusema pita, hakusema hasha. Alinikamata mkono, akanivuta tukaingia pamoja, mabega yanabanana mlangoni, akaninong'oneza, "Huu ndio msikiti."