Nilimweka Mke Wangu Chini ya Mkwe Wake

Shule niliacha darasa la nne, na sijawahi kumwomba mtu msamaha kwa hilo. Kanuni za kuongoza kazi nilizijua kabla hawa wenye vyeti hawajazaliwa. Nilipokuwa mpakiaji wa magunia Kitale tulikuwa na wanyapara wawili. Mmoja anasema peleka kulia, mwingine anasema rudisha kushoto, na gunia liko shingoni mwako. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu mmoja apokee amri kwa mtu mmoja. Shingo ndiyo iliyonifundisha.

Kwa hivyo mkwe wangu, aliyemwoa binti yangu wa kwanza, alipokuja na diploma yake ya usimamizi akaniambia ati kazi ina kanuni, nilimsikiliza. Nina stoo mbili za mahindi. Ya Matisi, hapa Kitale, naisimamia mwenyewe. Ya Bungoma, upande wa Mabanga, mke wangu aliiendesha miaka mingi. Nikamfanya mkwe meneja wa Bungoma. Akachora karatasi kubwa yenye masanduku: juu kabisa mimi, chini yangu yeye, chini yake wengine, kila mmoja na kamstari kake. Amri inashuka kwa mstari, akasema, ripoti inapanda kwa mstari, na hakuna kuruka mtu. Nikaona jina langu liko juu. Nikatia sahihi. Masanduku ya chini sikuyasoma, na jambo hilo linanichemsha damu mpaka leo.

Tena nikaongeza ujinga wangu mwenyewe. Niliwakusanya wafanyakazi wa Bungoma nikasema atakayenipigia simu mimi kuhusu kazi ya hapa, ajue amejifuta kazi. Mke wangu alikuwa amesimama hapo hapo.

Sasa wewe ambaye si wa kwetu, elewa. Kwetu mama mkwe na mkwe hawashikani mikono. Hawaketi pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni wakaanza kuongea. Mmoja akiwa na neno, linapita kwa binti. Vijana wa siku hizi wanalicheka jambo hilo. Mke wangu halicheki. Na kwenye ile karatasi sanduku la ukaushaji lilikuwa lake, na mstari wake ulipanda moja kwa moja mpaka kwa mkwe wake.

Mwaka huo mvua ilitupata katikati ya mavuno. Mahindi yaliletwa mabichi, na mkwe akaamuru yapangwe ndani siku hiyo hiyo kwa sababu ratiba yake ilisema hivyo. Mke wangu hapimi unyevu kwa mashine. Anauma punje: ikikatika kwa mlio imekauka, ikibonyea bado. Siku ya tatu alipenyeza mkono katikati ya magunia akakuta joto kama la tumbo la ng'ombe. Akampigia binti yetu, binti akamwambia mumewe. Mkwe akajibu kwamba kazi ya ofisi haipitii chumbani. Ripoti iandikwe, iletwe mezani pake na mwenye ripoti.

Basi mke wangu akafanya wafanyavyo wanawake wa kwetu neno likiwa zito. Alisimama nje ya ofisi, akaupa mlango mgongo, akaanza kuyasemesha magunia kwa sauti ya kufika barabarani.

"Nyinyi mahindi, mnaungua. Msipotolewa nje leo mkaanikwa, mtaoza hapo hapo. Na mwenye masikio asije akasema hakusikia."

Wapakiaji walicheka. Mmoja akajibu kwa niaba ya mahindi, ati tumesikia Mama, ila miguu ndiyo hatuna. Mkwe alikuwa ndani, dirisha wazi, akasikia kila neno. Baadaye aliniambia kwamba si yeye aliyeambiwa.

Mimi haya sikuyajua. Nilikuwa Matisi nikijigamba kwa majirani kwamba stoo yangu ya Bungoma inajiendesha yenyewe. Wiki moja ikapita, nikaletewa bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya onyo. Niliisoma kwa kidole, polepole, nisomavyo siku zote. Mfanyakazi wa ukaushaji ameshindwa kutoa ripoti kwa msimamizi wake, na mahindi yameharibika. Chini kabisa ameniachia nafasi ya kutia sahihi.

Nikawasha pikapu, chai nikaiacha kikombeni.

Harufu ilinipokea langoni. Magunia ya katikati yalikuwa yameota ukungu, punje zimeshikana kama matofali. Mahindi ya namna hiyo hata nguruwe humpi. Mkwe akatoka na karatasi yake mkononi.

"Baba, kanuni tulikubaliana."

"Umemwandikia mama mkwe wako onyo?"

"Nimemwandikia mfanyakazi. Kazini hakuna mama mkwe."

"Basi na mkwe pia hakuna. Shika sepetu, uchimbe shimo la kuyafukia."

Akachimba, na viatu vyake vya ofisi.

Mke wangu hakuwa amekanyaga stoo tangu aliposikia habari ya barua; nilimkuta nyumbani kwetu huko huko Mabanga akichambua maharagwe. Nikamwambia nimeichana barua, arudi kazini. Hakuinua uso.

"Barua ni ya yule," akasema. "Mstari uliutia sahihi wewe, Baba watoto."

Akaniambia nilimnyamazisha mbele ya watu, kwa hivyo nikitaka arudi, nikalitengue neno langu mbele ya watu wale wale. Nilitoka nimekasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mkwe, na aliyegundua diploma pia. Kanuni ya mtu mmoja na bosi mmoja ni ya kweli, na atakayebishana nami juu ya hiyo aje na shingo yake. Lakini yule mwenye cheti alijua mistari tu. Nani anaweza kuongea na nani, hilo nililijua mimi, na sikuangalia.

Asubuhi niliwakusanya tena. Maneno yalikuwa machache.

"Nilitia sahihi kitu ambacho sikukisoma. Stoo hii ni ya Mama. Neno lake linakuja kwangu, halipiti kwa mtu."

Hakuna aliyecheka, na ningependa wangecheka. Mkwe alisimama nyuma, suruali ina matope. Nilirudi naye Kitale, ambako juu yake niko mimi peke yangu, na huko yuko mpaka sasa, ananung'unika.

Mke wangu alinipita bila asante. Akatazama mawingu, akauliza ni nani ameacha turubai la upande wa barabara likipepea, na wanaume watatu wakakimbia kabla hajamaliza.