Mita ya Clifford Entwistle

Clifford Entwistle aliendesha basi hapa Accrington miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuna abiria aliyewahi kumwona akifika kituoni mapema wala akichelewa. Alipostaafu alirudi nyumbani na saa yake ya mkononi na macho yake ya kukagua, akaanza kumkagua mkewe. Avril alivumilia. Alikuwa mwanamke mnene wa kucheka haraka, aliyefanya kazi ya kupika shuleni mpaka magoti yakagoma, na alimpenda mumewe vile unavyopenda kiti kigumu ulichokizoea.

Mimi nakaa ng'ambo ya barabara, mlango wangu unatazamana na wao. Nusu ya haya niliyaona kwa dirisha la jikoni kwangu. Nusu nyingine alinisimulia Avril, ambaye kipindi kile alikuwa haishi kuja kwangu, kwa sababu kwangu kulikuwa na joto.

Mambo yalianza mwezi wa tano, kampuni ya umeme na gesi ilipoleta mafundi kubadilisha mita za mtaa mzima. Nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, na mita ziko nje, ndani ya vikabati vya plastiki. Vikabati vya akina Entwistle na vya jirani yao, Bi Glenys Pilling, vimepangwa pamoja pale nyumba zao zinapokutana. Mafundi walifanya haraka, mvua ilikuwa inakuja. Wakamwachia Clifford kiskrini cha kuweka jikoni, kidogo kama pakiti ya sigara, kinachoonyesha umeme na gesi vilivyotumika tangu asubuhi, kwa pauni na peni.

Kiangazi chote hakukijali. Mwezi wa kumi bei zikapanda kwa kila mtu, bili ikaja, Clifford akaisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Siku hiyo hiyo alinunua daftari.

Amri zikaanza kutoka. Maji ya chai yapimwe kwa kikombe kabla ya kuingia kwenye birika la umeme, na yachemshwe mara mbili tu kwa siku, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, yanayobaki yaingie kwenye chupa. Joto la nyumba liwashwe saa moja asubuhi, lizimwe saa mbili kasorobo. Nyama ya kuoka ya Jumapili ikafutwa. Taa ikawa moja kwa nyumba nzima, na mtu akihama chumba anahama nayo. Avril alizimiwa taa akiwa chooni mara tatu katika wiki moja.

"Nilikuwa kimya, akadhani hakuna mtu," aliniambia. "Sasa naimba. Mtu wa umri wangu, naimba chooni ili nisiachwe gizani."

Mimi mwenyewe niliwahi kukalia chakula chao cha jioni. Nilikwenda kumrudishia Avril sahani, nikaona sebuleni kuna kitu kama pufu la kukalia, limefunikwa blanketi, nikakaa. Clifford akashtuka.

"Inuka taratibu," akasema. "Hiyo ni supu ya maharage."

Alikuwa amesoma mahali kwamba ukichemsha sufuria dakika kumi, ukaifunga kwa mablanketi ndani ya boksi, chakula kinajiivisha chenyewe bila gesi. Avril alinipa jicho la kuniomba nisicheke, na mimi nikajitahidi mpaka nilipofika barabarani.

Ajabu ni kwamba kiskrini hakikushuka. Siku walizokula mkate mkavu na jibini kilipanda. Siku walizolala saa mbili kilipanda. Na kila jioni, ikifika kama saa kumi na mbili, kilikuwa kinaruka kama kilichochomwa sindano. Clifford alikaa mbele yake na daftari, kavaa koti, skafu na kofia ya sufu, akiandika tarakimu. Alichomoa redio. Alichomoa saa ya ukutani. Alichomoa kengele ya mlangoni, ikawa mtu wa posta anagonga dirisha.

Mwisho akamgeukia mkewe.

"Avril, una kitu umekificha?"

"Kitu gani?"

"Blanketi la umeme. Hita. Sijui. Kuna kitu kinakula umeme humu ndani."

"Clifford, ningekuwa na hita ungeniona na pua ya bluu hivi?"

"Nauliza tu."

"Basi na mimi nauliza. Ukifa kwa baridi, daftari nilizike na wewe au nimpe mtu?"

Hawakuzungumza siku mbili. Siku ya tatu Avril alikuja kwangu, akavua viatu, akaweka miguu karibu na chuma cha joto, kile cha ukutani cha kupashia chumba, akalia kidogo. Alisema usiku uliopita Clifford alimwambia kitu ambacho hajawahi kumwambia. Alimwambia anaogopa. Pensheni yake anaijua mpaka senti ya mwisho, kila tundu la matumizi amelifuata kwa kidole, na bado pesa inapita mahali asipopaona. "Kama ningejua inapopita," alimwambia, "ningekuwashia joto mpaka uombe dirisha lifunguliwe." Baada ya hapo Avril aliacha kumtania, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi, maana Avril asipotania ujue anaumwa.

Wakati huo huo, mlango wa pili, Glenys Pilling alikuwa anastarehe.

Glenys ni mjane wa muuza nyama, ana miaka sitini na nane, na hajawahi kufaulu jambo lolote bila kulitangaza. Bili zake zilikuwa zinashuka. Wakati mtaa mzima unalia, yeye alisimama kwenye foleni ya mkate akitusomea namba. Nyumba yake ilikuwa na joto la kuivisha ndizi. Alifungua mlango amevaa blauzi ya mikono mifupi mwezi wa kumi na moja. Akanunua mashine ya kukausha nguo. Halafu, kwa kuwa pesa inabaki, akanunua beseni kubwa la mpira la kuogelea nyuma ya nyumba, lile linalojazwa upepo, lenye mota ya kuchemsha maji na kuyatia mapovu. Kila jioni kabla ya chakula alijitumbukiza humo, kitambaa kichwani, glasi ya mvinyo mtamu mkononi, mvuke ukipanda juu ya ukuta mpaka kwenye dirisha la akina Entwistle.

Siku moja Clifford alijishusha, akaenda kumwuliza. Avril alikuwa nyuma yake na ndiye aliyenisimulia.

"Bi Pilling, samahani. Wewe unafanyaje?"

Glenys alitoa kidevu nje ya mapovu. "Nafanyaje nini, mpenzi?"

"Bili. Unazishushaje?"

"Ah. Mimi sijinyimi, Bwana Entwistle. Ukijinyima sana vyombo vinafanya kazi kwa shida, vinakula zaidi. Labda nyie mna mkono mzito kwenye swichi."

"Mkono mzito," Clifford alirudia.

"Sisemi vibaya. Kuna watu wameumbwa wanajua kutumia, na kuna wengine. Avril, mama, umekonda. Imekupendeza."

Clifford alirudi ndani, akaandika kwenye daftari: *Kujinyima sana = vinakula zaidi?* Hapo ndipo alipokuwa amefikia.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, saa sita mchana, aliamua kumaliza ubishi. Alivuka barabara kuja kuniita nikawe shahidi, kwa sababu, alisema, Avril ni mtuhumiwa. Nilivaa koti nikaenda. Tulisimama watatu jikoni. Clifford alifungua kabati la chini ya ngazi, akashusha swichi kuu ya nyumba. Friji ikanyamaza. Kila kitu kikanyamaza. Kiskrini chenyewe kina betri, kikabaki kinawaka.

"Sasa hakuna kitu kinachotumia umeme humu," alisema. "Tunakubaliana?"

Tukakubaliana. Tukasimama tukikitazama. Baada ya dakika chache namba ikapanda. Tukangoja. Ikapanda tena.

Avril akasema kwa sauti ndogo, "Siyo mimi."

Clifford alitoka nje bila hata kuchukua mwavuli, na sisi nyuma yake, akafungua vikabati vya mita. Alikuwa na bili mkononi. Akalinganisha namba iliyoandikwa kwenye bili na namba za mita zote mbili, akaipata ya kwake. Kitaa chake chekundu kilikuwa kinakonyeza haraka haraka. Chini yake palikuwa na swichi. Akaishusha.

Mara mlio ambao sote tulikuwa tumeuzoea kiasi cha kutousikia, ule wa mota ya beseni nyuma ya nyumba ya pili, ukakatika. Siku hiyo Glenys alikuwa ameamua kuoga mapema.

"We!" sauti yake ilitoka ng'ambo ya ukuta. "Nani kazima?"

Clifford akapandisha swichi. Mota ikanguruma, mapovu yakaanza. Akashusha. Kimya. Akapandisha. Alifanya hivyo mara nne, uso wake umetulia kabisa, kama mtu anayejaribu breki kabla ya kutoka gereji. Mara ya tano Glenys akatokea kwenye kichochoro, kajifunga taulo, miguu miekundu kama kamba wa kuchemsha, moshi unamtoka mabegani kwenye ile baridi.

"Bwana Entwistle, umegusa nini huko?"

"Glenys," alisema Clifford. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akimwita jina lake. "Hilo beseni nalilipia mimi."

"Unalilipia nini? Risiti ninayo."

"Beseni la kwako. Maji yake yanachemka kwa pesa yangu. Na mashine ya nguo. Na lile joto lako la blauzi." Akafungua ukurasa wa daftari, kwa maana alikuwa nalo mfukoni. "Jana saa kumi na mbili na dakika tano uliingia. Saa moja na nusu ukatoka. Kweli au si kweli?"

Glenys akavuta taulo juu. "Umekuwa unanichungulia?"

"Nimekuwa nakulipia."

Hapo Avril akakaa kwenye ngazi ya mlango, palepale kwenye maji ya mvua, akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka nikaogopa. Alichoweza kusema ni, "Mkono mzito," halafu anaanza upya.

Kampuni ilipigiwa simu. Clifford alisikiliza muziki wao wa kungojesha wateja dakika hamsini na mbili, na dakika zenyewe aliziandika. Walisema haiwezekani. Akawasomea daftari kuanzia mwezi wa kumi, siku kwa siku, na nadhani walituma fundi ili tu aache kusoma.

Fundi alikuja Alhamisi, mama wa makamo anaitwa Nasreen Akhtar, mzaliwa wa hapa hapa, mwenye mikono ya kazi na maneno machache. Alifungua vikabati, akawasha tochi, akafuata nyaya na bomba la gesi, akaguna.

"Wamewapishanisha," alisema. "Umeme na gesi vyote. Tangu mwezi wa tano mzee analipia nyumba ya huyu mama, na huyu mama analipia nyumba ya mzee."

"Nilisema," Clifford akasema, ingawa hiyo nusu ya pili hakuwa ameisema.

Nasreen alikuwa bado anasoma namba. "Na hii ndiyo mita ya nyumba yenu? Mzee, kuna watu wanaishi humu?"

"Wawili."

"Kule ofisini nyumba ya mita hii wameiandika kuwa huenda imehamwa. Kazi yangu ni ya miaka kumi na tisa, sijaona nyumba yenye watu ikitumia kidogo hivi."

Clifford alinyoosha mgongo, na kwa muda wote fundi alipokuwa akiandika ripoti alisimama wima namna hiyo. Nadhani hakuna medali ambayo ingemfurahisha zaidi. Avril alimtazama, kisha akanitazama mimi, akatikisa kichwa.

Kwa kuwa kosa lilikuwa la kampuni, ilimrudishia Clifford pauni mia saba na kumi na nne, na Glenys hakudaiwa za nyuma. Lakini bili yake ya kwanza ya kweli ilifika kabla ya Krismasi. Tulijua imefika kwa sababu kwenye foleni ya mkate hakutusomea namba. Alikuwa amevaa sweta mbili. Wiki hiyo aligonga mlango wa akina Entwistle na pai ya nyama na vitunguu aliyooka mwenyewe, akasema ameleta tu, hana maana nyingine. Alipokuwa anaondoka akauliza, akitazama pembeni, kama ni kweli supu inaiva ndani ya boksi. Clifford alimweleza kwa saa nzima. Akamchorea.

Kuhusu zile pesa, Avril hakumwuliza mumewe. Alilipia wiki moja ya mwezi wa pili kwenye hoteli ndogo huko Llandudno, pwani, chumba cha kutazama bahari, joto limo ndani ya bei. Clifford alipinga mpaka aliposikia hilo la mwisho.

Avril aliporudi alinisimulia. Siku ya kwanza mumewe alizunguka hoteli nzima akizima taa za korido, mpaka mwenye hoteli akaja kumwomba Avril, kwa adabu, amkanye, maana kuna mgeni kajikwaa kwenye ngazi na mwingine kafungua mlango wa stoo akidhani ni bafuni. Siku ya pili alizima tatu tu. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, alikaa kwenye kiti kando ya chuma cha joto, akavua kofia, akavua skafu, akafungua vifungo vya sweta kimoja kimoja, akasinzia mdomo wazi. Avril alikuwa na taa mbili zinawaka, mchana kweupe, na hakuzima hata moja. Alifungua chokoleti yake taratibu, karatasi isipige kelele, akakaa akitazama bahari.