Kabla na Baada, Pale Sokoni Nkwenda

Nianze na aibu yenyewe ili tumalizane nayo: yule msichana aliyekuwa kwenye bango kubwa pale sokoni Nkwenda, upande wa kushoto amekunja sura kama aliyelamba shubiri na upande wa kulia anatabasamu kama bibi harusi, ni mimi. Kushoto waliandika KABLA: NILITESEKA PORINI. Kulia wakaandika BAADA: SASA NINA CHOO, NINA FURAHA. Kama ulipita pale ukacheka nimekusamehe, maana mliocheka ni wengi na siwezi kuwakasirikia wote, mimi ambaye hata darasani nikijua jibu namnong'oneza jirani yangu ili anyooshe mkono yeye.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Kwetu ni Songambele, na kwetu choo kipo. Baba alikijenga kwa matofali ya kuchoma hata sijaanza shule, akakiezeka bati, akaweka mlango wenye kitasa, na nje akafunga kibuyu chirizi cha kunawia mikono, na mgeni akifika nyumbani, kabla hajaonyeshwa kiti anaonyeshwa choo (Mama anasema siku ya posa yangu itakuwa hivyohivyo). Ndiyo maana watu wa mradi wa vyoo bora walipouliza kijijini choo cha mfano kiko wapi, waliletwa kwetu moja kwa moja.

Siku hiyo nilikuwa natoka shule. Niko kidato cha tatu, njia ni ndefu, na nilikuwa nimebanwa tangu kipindi cha mwisho, ila nilijiambia nitavumilia mpaka nyumbani kwa sababu choo ninachokiamini duniani ni kimoja. Nafika nakuta gari jeupe uani, Baba amevaa koti lake la kanisani, kijana mmoja ana kamera shingoni, na choo kimefungwa kwa ndani.

Ndani alikuwamo Afisa wa mradi (nitamwita Afisa tu, jina lake abaki nalo). Baba akaninong'oneza kwa fahari, "Anakagua."

Nikapiga magoti kusalimia wageni kama tulivyofundishwa, na jamani, kupiga magoti ukiwa umebanwa ni mtihani ambao baraza lolote la mitihani lingeuogopa. Nikainuka polepole. Nikangoja. Afisa akaendelea kukagua. Baba akasogea mlangoni akauliza kwa heshima, "Mheshimiwa, maji yanatosha humo?" Sauti ikajibu kwa tabu, kama ya mtu aliyebeba gunia, "Yanatosha, mzee, endeleeni tu na mazungumzo."

Hapa ndipo ulipo uamuzi wangu mdogo ulioniharibia maisha. Nyuma yangu kulikuwa na shamba zima la migomba, majani yameshonana hata jua halipiti, ningeingia kidogo tu nikamaliza shida yangu na nyinyi leo msingekuwa na cha kusoma, lakini mtoto wa mwenye choo cha mfano ataingiaje migombani wakaguzi wakiwa uani? Pia ningeweza kusema tu, "Baba, nina haja," lakini mbele ya wanaume wageni afadhali nizirai. Basi nikasimama pale pale, miguu nimeipishanisha, meno nimeyabana, mkono mmoja nimeshika mgomba.

Kijana wa kamera akaniona. "Dada, baki hivyohivyo. Naomba picha moja."

Nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu nilihofia nikifungua mdomo na kwingine kutafunguka.

Afisa akatoka anapangusa jasho, anamwambia Baba, "Mzee, choo chako ni imara," nami nikampita kama upepo bila hata kumsalimia. Nilipotoka dunia nzima ilikuwa nzuri, migomba mizuri, Baba mzuri, kuku wazuri, nikawa natabasamu peke yangu. "Tabasamu hilohilo, usilipoteze," akasema yule kijana, akapiga ya pili. Hakuniuliza jina na mimi sikumuuliza picha zinakwenda wapi. Nilidhani zinakaa humohumo ndani ya kamera.

Mama yangu anapika katogo pale Nkwenda siku za gulio, ndizi, maharage na utumbo, sufuria moja kubwa na mabenchi mawili, na sufuria hiyo ndiyo sare zetu, daftari zetu na sabuni yetu, mimi na wadogo zangu. Gulio likiangukia siku isiyo ya shule mimi ndiye naosha sahani, huko nyuma, nimegeuzia watu mgongo, na kazi hiyo nilikuwa naipenda kwa sababu hiyo ya mgongo. Siku moja tunafika asubuhi, tunakuta bango limefungwa kwenye nguzo mbili, linatazamana na mabenchi ya Mama uso kwa uso.

Mama akaangalia bango, akaniangalia, akaangalia bango tena. "Adventina, huko porini ulikuwa unakwenda lini?"

Kabla sijajibu wakaja wapakiaji wa ndizi, wale vijana wa kwenye malori, wateja wetu wakubwa. Wakakaa, wakapewa sahani, halafu mmoja akanyoosha kijiko.

"Mama Adventina, huyu anayeosha vyombo si ndiye yule wa porini?"

"Wa porini yupi?"

"Yule pale juu. Kabla."

Mwenzake akasema, "Muache bwana, huyu siku hizi ni Baada."

"Baada tangu lini? Mimi nimekula hapa tangu mwaka juzi."

Wakacheka, lakini waliinuka. Sahani wakaziacha, wakahamia kwa mama wa chapati upande wa pili, na waliokuja nyuma yao wakaona mabenchi matupu wakayaacha hivyohivyo. Sufuria ilirudi nyumbani nusu. Gulio lililofuata ilirudi imejaa, tukala katogo asubuhi na jioni mpaka mdogo wangu akaomba kwa machozi apewe uji.

Na siyo wateja peke yao. Watu nisiowajua wakaanza kunisalimia kwa jina la Kabla. Bibi mmoja akanishika mkono katikati ya soko, "Mjukuu wangu, wewe unayeyajua haya mambo, kwangu chini ni mwamba mtupu, nichimbe wapi?" Nikamwambia sijui, bibi, akaniachia mkono akisema watoto wakishapata umaarufu wanaringa. Baba naye, kilichomuuma ni heshima ya choo. Akawa anasimamisha watu barabarani, "Kina kitasa, njooni mkione wenyewe," nao wakaja. Jioni moja natoka chooni nakuta wazee wanne wamejipanga uani, mikono nyuma, na mmoja anawaambia wenzake, "Mmeona? Anakitumia kweli." Ingekuwa ni wewe ungeshika njia gani? Mimi nilirudi ndani ya choo nikafunga kitasa mpaka wakaondoka.

Usiku huo Mama akasema bila kupandisha sauti, "Sufuria ikirudi imejaa gulio lijalo, mimi naacha kupika. Picha ni yako. Nenda kaongee nao."

Nikaenda. Njia nzima nilifanya mazoezi ya kusema. Nikamkuta Afisa mezani kwake, ofisini kwa mradi.

"Shikamoo."

"Marahaba, nyota wetu. Umeliona bango? Limependeza, eh?"

"Naomba liondolewe, waitu, mheshimiwa wangu. Kwetu choo kipo tangu zamani."

"Najua kipo, si nilikikagua mwenyewe?" Akaegemea kiti. "Sikiliza, binti. Ukishapanda kwenye bango wewe siyo mtu binafsi tena. Wewe ni mtu wa umma, kama mimi. Mtu wa umma hana cha kuficha. Hata choo chake siyo chake, ni cha wananchi."

(Mimi nilidhani watu wa umma ni wale wenye dereva.)

"Lakini wateja wa Mama wamekimbia."

"Watarudi. Gulio lijalo tunazindua mradi rasmi, mgeni rasmi anatoka mkoani, na wewe utatoa ushuhuda. Maneno machache tu: nilikuwa porini, sasa niko chooni, asanteni. Utaweza?"

Nikaitikia kwa kichwa. Shingo yangu hii sijui nani aliipaka mafuta.

Siku ya uzinduzi lilifungwa turubai, wageni wakapewa viti vya kitambaa na maji ya chupa, muziki ukapigwa mpaka kuku waliofungwa miguu sokoni wakanyamaza. Mgeni rasmi alikuwa mzee mpole, mnene, anayesinzia kwa adabu. Mshereheshaji akatangaza, "Na sasa, yule mnayemfahamu nyote, Kabla na Baada," na soko zima likapiga makofi, nikasukumwa mbele na mikono nisiyoijua, nikawekewa kipaza sauti mdomoni.

"Shikamooni," nikasema. Wakaitikia marahaba kama kanisa.

Nilikuwa nimekusudia kusema yale maneno machache nishuke. Haki ya Mungu nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nikiwa pale juu niliona vichwa vyote, na nyuma ya vichwa nikaona sufuria ya Mama, imefunikwa, mabenchi hayana mtu, na Mama amesimama ameshika mwiko ambao hauna kazi.

"Nyumbani kwetu choo kipo," nikasema. "Porini sijawahi kwenda. Siku ile nilikuwa nimebanwa, nasubiri mtu atoke chooni."

Mgeni rasmi akafungua macho. Kwa bahati mbaya alikuwa mtu wa kupenda kujua. "Mtu gani, binti yangu?"

Mimi nimelelewa kwamba mtu mzima akiuliza unajibu. "Afisa."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Anakagua."

Sauti ikatoka juu ya lori la ndizi, "Alikagua sana?"

"Sana," nikasema, na ilikuwa kweli.

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Afisa akaja mbio, akaninyang'anya kipaza sauti, shingo imemvimba. "Ndugu wananchi, hilo ni suala binafsi! Mimi pia ni binadamu, nina faragha yangu, tumbo langu siyo ajenda ya mkutano huu!" Nami pale pembeni nikawa najiuliza yale mambo ya mtu wa umma yamekwenda wapi, lakini sikuwa tena na kipaza sauti. Angeishia hapo tungepona wote. Akaongeza, "Na kama mnataka kujua, mchana ule nilikuwa nimekula katogo pale!"

Akaonyesha kidole. Vichwa vyote vikageuka kwa Mama.

Nilitaka kufa pale pale, kwa sababu nilikuwa nimepanda kuokoa sufuria na sasa nimeizika. Lakini Mama siye mimi. Mama akaweka mwiko begani.

"Ulikula sahani ngapi, baba?"

Afisa akashusha kipaza sauti.

"Sema, si una kipaza sauti? Nilikupa moja ukaomba ya pili. Ya pili ukaomba ya tatu. Ya tatu ukaomba nikukwangulie chini ya sufuria uende nayo kwenye gari. Mimi nikakuuliza, baba, unasafiri au unahama?"

Hapo hata mgeni rasmi alishindwa. Alicheka machozi yakamtoka, akayafuta kwa ratiba ya mkutano, akainuka. "Hebu nami nilionje hilo katogo." Akaketi benchini kwa Mama, akapewa sahani, akala, na soko zima likamzunguka kimya likiangalia tumbo lake. Akimeza, watu wanameza. Alipojikuna kidogo, wa mbele wakampisha njia. Akamaliza, akafuta mdomo, akakaa. Hakukimbia popote. Wapakiaji wa ndizi ndio waliovunja ukimya, "Mama Adventina, na mimi, weka utumbo mwingi," na sufuria ikaisha jua likiwa bado juu.

Msidhani bango lilishushwa siku ile. Liliendelea kuning'inia mpaka mradi ulipokwisha, halafu kama shukrani akapewa Baba, naye analitandika uani anaanikia kahawa, picha juu, kwa sababu anasema upande huo ndio laini. Kila asubuhi nageuza kahawa juu ya uso wangu mwenyewe, na huwa naanza kufunika Kabla. Afisa nasikia alihamia mradi wa chandarua. Mimi shuleni bado naitwa Kabla, na Mama siku za gulio amenihamisha kutoka kwenye kuosha sahani kuja mbele kupakua, eti wateja wanapenda kuniona. Napakua nikiangalia sahani.

Haya zangu hazijapona, ila nimeapa jambo moja na nalishika: sitabanwa tena kimyakimya kwa ajili ya kumwogopa mtu. Akija mgeni nyumbani, awe na kamera au hana, nampigia magoti, namsalimia, nasema naenda chooni, halafu naenda. Mama ananifinya, anasema siyo lazima kutangaza. Juzi alifika padri wetu na makatekista wawili, nikatoka jikoni mbio, nikapiga magoti.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba. Naenda chooni."

"Milele amina," akasema padri. "Nenda na amani."

Nikaenda.